Lugha ya Hoja katika Kitabu cha Hisabati Tumizi: Tathmini ya Engineering Mathematics ya K. A. Stroud kutoka Mpaka wa Malaba

Ikisiri

Makala haya yanatathmini Engineering Mathematics, kitabu cha kiada cha K. A. Stroud kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1970, kwa kukisoma kama matini ya lugha. Tathmini inafanywa kwa kumzingatia msomaji mahususi: mwanafunzi wa sayansi au uhandisi anayesomea ukanda wa Malaba, yaani Busia na Tororo, ambako Chuo Kikuu cha Busitema na Chuo Kikuu cha Alupe vinafundisha kwa Kiingereza huku shughuli nyingi za mpakani zikiendeshwa kwa Kiswahili. Kwa kutumia mifano miwili ya eneo hilo, foleni ya malori na maambukizi ya malaria, makala yanadai kwamba ubora wa kitabu hiki na upungufu wake vyote vinatokana na namna kinavyomzungumzisha msomaji. Kutafsiri istilahi peke yake hakutaondoa upungufu huo. Makala yanapendekeza kitabu mwandani cha lugha mbili na utaratibu mpya wa kuamua istilahi.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa Kiswahili katika sayansi umeendeshwa kwa miongo mingi kama mjadala wa istilahi. Kazi iliyofanywa katika uwanja huo haipaswi kubezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, limesanifisha istilahi za nyanja nyingi, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, hisabati haimo katika jina la kamusi hiyo, na ngazi ya chuo kikuu, ambako hisabati hugeuka kuwa chombo cha sayansi nyingine zote, imebaki karibu bila matini ya Kiswahili ya kuhakikiwa. Mhakiki anayetaka kujua Kiswahili kinaweza kubeba nini katika hisabati tumizi hana budi kuanza na vitabu vinavyotumika, ambavyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na kuviuliza maswali ambayo waandishi wake hawakulazimika kuyajibu.

Malaba ni mahali pafaapo kuuliza maswali hayo. Katika Wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kipo Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye kampasi ya Nagongera wilayani Tororo inayohudumia sayansi na elimu. Upande wa Kenya, kwenye barabara iunganishayo mji wa Busia na Malaba, kipo Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hati yake mwaka 2022. Katikati yake zimo jamii za Iteso, Samia na Jopadhola, ambazo baadhi yake zimegawanywa na mpaka, pamoja na madereva, mawakala wa forodha na wabadilishaji fedha wanaoelewana kwa Kiswahili. Kisheria, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010. Nchini Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kuitekeleza hadhi hiyo. Mhitimu wa hisabati tumizi anayeajiriwa katika ukanda huu atakokotoa kwa lugha moja na kueleza matokeo kwa lugha nyingine. Tathmini hii inauliza iwapo kitabu anachosomea kinamwandaa kwa kazi hiyo ya pili.

2.0 Kitabu na mbinu yake

Stroud aliandika kitabu chake akiwa mwalimu wa hisabati huko Coventry, Uingereza, wakati nadharia ya ufundishaji wa hatua kwa hatua, iliyovumishwa na B. F. Skinner katika miaka ya 1950, ilipokuwa na nguvu. Kila mada imevunjwa katika vipande vidogo vyenye nambari. Kipande kimoja hutoa wazo moja, humtaka msomaji akamilishe hatua, na jibu hutokea mwanzoni mwa kipande kinachofuata. Mwishoni mwa kila mada kuna muhtasari, mtihani mfupi na mazoezi ya ziada. Matoleo ya baadaye, yaliyoendelezwa na Dexter Booth, yaliongeza mada za msingi kwa wanafunzi waliofika chuoni na mapengo. Toleo la nane lilichapishwa mwaka 2020. Ni vitabu vichache vya kiada vya chuo kikuu vilivyodumu nusu karne bila kubadilisha mbinu yao.

Sababu ya kudumu huko ni ya kilugha. Sentensi za Stroud ni fupi. Humsemesha msomaji moja kwa moja, humsifu anapofaulu, humwonya kabla ya kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Sauti yake ni ya mwalimu aliyeketi kando ya mwanafunzi, na si ya mwanahisabati anayewaandikia wenzake. Kwa chuo chenye madarasa makubwa na wahadhiri wachache, sifa hii ina thamani kubwa: mwanafunzi aliye peke yake usiku anaweza kusonga mbele na kujua papo hapo alipokosea. Ikilinganishwa na Advanced Engineering Mathematics ya Erwin Kreyszig, iliyotoka mwaka 1962 na ambayo humtaka msomaji kufuata hoja ndefu na nzito, kazi ya Stroud inamfaa zaidi msomaji ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwake.

Upungufu unaanzia papo hapo kwenye nguvu hiyo. Katika kila kipande, mwenye kusema ni mwandishi, na msomaji hujibu kwa alama. Anapoombwa kitu, huombwa namba, kitendo cha aljebra au mstari unaofuata wa mkokotoo. Ni nadra kuombwa sentensi. Mazoezi mengi ya milinganyo ya mabadiliko, kwa mfano, humpa mwanafunzi mlinganyo uliokwisha kuandikwa na kumtaka autatue. Hatua mbili muhimu za hisabati tumizi hubaki nje ya zoezi: kuitoa hali halisi kutoka katika maneno na kuitia katika mlinganyo, na kulirudisha jibu kutoka katika mlinganyo hadi katika maneno. Kreyszig huijali zaidi hatua ya kwanza, ingawa mifano yake mingi hutoka kwenye springi, saketi za umeme na matangi ya maji. Hatua ya pili haipewi uzito wa kutosha na yeyote kati yao.

Kwa mwanafunzi ambaye lugha ya darasani ndiyo lugha ya kazini, pengo hili huweza kuzibwa na mazoea ya kila siku. Kwa mwanafunzi wa Malaba haliwezi. Mifano miwili ifuatayo inaonyesha linavyojitokeza.

3.0 Mfano wa kwanza: foleni ya malori

Kitabu cha Stroud hufikia mgawanyo wa Poisson katika sehemu ya takwimu na uwezekano, na huufundisha vizuri. Mgawanyo huo ndio msingi wa kawaida wa kueleza namna magari yanavyowasili mahali bila ratiba. Hata hivyo, mada huishia kwenye kukokotoa uwezekano, wala haiendi hadi kwenye foleni ambayo uwezekano huo huizaa. Mwanafunzi wa Malaba huiona foleni hiyo kabla hajaona fomula yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya shehena ziendazo Uganda na nchi zilizo mbele yake hupita Malaba na Busia.

Kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961 husema kwamba wastani wa idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuwasili ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila mmoja hukaa humo: L = λW. Ichukuliwe, kwa mfano wa darasani tu, kwamba kituo kina uwezo wa kuhudumia malori 32 kwa kila saa na kwamba malori 30 huwasili kila saa bila mpangilio. Katika mfumo sahili zaidi wa foleni, muda wa wastani ambao lori hukaa ni 1/(32 − 30), yaani nusu saa, na malori yaliyomo kwa wastani ni 15. Likiongezeka lori moja tu kwa saa, muda huwa 1/(32 − 31), yaani saa nzima, na malori yaliyomo huwa 31. Ongezeko la lori moja katika thelathini limeuzidisha muda wa kungoja mara mbili.

Hali hubadilika kabisa uwezo wa kuhudumia ukishuka chini ya kasi ya kuwasili. Mwaka 2020, upimaji wa madereva kwa ajili ya UVIKO-19 ulirefusha muda wa kumhudumia kila dereva, na foleni za Malaba na Busia zikawa habari ya eneo zima. Katika mfano uleule, uwezo ukishuka hadi malori 20 kwa saa huku 30 yakiendelea kuwasili, foleni huongezeka malori 10 kila saa na kufikia 240 kwa siku moja. Kila lori likichukuliwa kushika mita 20 za barabara, hizo ni takriban kilomita 5. Mfumo halisi wa mpakani ni mgumu kuliko mfano huu, lakini somo lake kwa mshauri wa sera ni la kweli: palipo karibu na ukomo wa uwezo, badiliko dogo huleta matokeo makubwa, na palipozidi ukomo hapana wastani wa kungojewa utulie.

Mwanafunzi aliyemaliza Stroud anaweza kujifunza ukokotoaji huu kwa siku mbili. Ugumu humkuta anapotakiwa kuueleza kwa Kiswahili mbele ya mawakala na madereva. Ugumu wa kwanza ni neno saa. Katika Kiswahili, saa nne ni wakati kwenye mshale, yaani saa nne asubuhi au usiku, na pia ni kipimo cha muda. Msemaji akisema kwamba lori litatoka baada ya saa nne, msikilizaji ana haki ya kuelewa mambo mawili tofauti. Katika mazungumzo muktadha huamua. Katika matini ya hisabati, ambamo muda ni kigeu na wakati ni nukta kwenye mstari, utata huo hauvumiliki. Kiswahili kina njia ya kuuondoa: muda wa saa nne dhidi ya saa nne kamili, na kwa kila saa panapotajwa kasi. Njia hizo zimo katika lugha tayari. Kinachokosekana ni matini inayozitumia bila kuyumba, ukurasa hadi ukurasa, mpaka ziwe desturi ya uwanja.

4.0 Mfano wa pili: malaria ya Tororo

Nagongera, ilipo kampasi ya sayansi ya Busitema, ni miongoni mwa maeneo ya Uganda ambayo maambukizi ya malaria yamechunguzwa kwa kina. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikadiria kwamba mkazi wa hapo alipata zaidi ya miumo 300 ya mbu wenye vimelea kwa mwaka. Unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba ulioanza wilayani Tororo mwishoni mwa mwaka huo ulipunguza sana maambukizi. Mwanafunzi wa hisabati tumizi anayesoma Nagongera anaishi, kwa hiyo, ndani ya mlinganyo ambao Ronald Ross aliandika umbo lake la awali mwaka 1911.

Katika umbo rahisi kabisa, mlinganyo huo huwa dI/dt = h(1 − I) − rI. Herufi I ni sehemu ya watu walioambukizwa, h ni kasi ambayo wasioambukizwa huambukizwa, na r ni kasi ya kupona. Ni mlinganyo wa mabadiliko wa daraja la kwanza, wa aina ambayo msomaji wa Stroud huutatua bila shida. Hali inapotulia, I = h/(h + r). Ichukuliwe kwamba h ni mara tisa ya r: basi asilimia 90 ya watu wana vimelea. Kampeni ikiipunguza h kwa nusu, walioambukizwa hawashuki hadi asilimia 45. Hushuka hadi 4.5/5.5, takriban asilimia 82. Ili asilimia hiyo ifike 50, h lazima ishuke hadi moja ya tisa ya ilivyokuwa. Mlinganyo huu unaacha mengi nje, ikiwemo kinga ya mwili na mzunguko wa vimelea ndani ya mbu, lakini unaeleza kwa nini juhudi kubwa katika eneo lenye maambukizi mengi huweza kuonekana kama hazijazaa kitu, na kwa nini kuziacha wakati huo ni kosa.

Hoja hiyo inapoelezwa kwa Kiswahili hukutana na kiwango. Katika taarifa za afya, kiwango cha maambukizi hutumika kwa maana ya sehemu ya watu walio na maambukizi kwa wakati fulani. Hutumika pia kwa maana ya wingi wa maambukizi mapya katika muda fulani. Wakati mwingine hutumika kwa maana ya ukali. Katika mlinganyo uliotajwa, maana ya kwanza ni I na ya pili ni h(1 − I). Mlinganyo mzima ni maelezo ya tofauti iliyopo kati ya hizo mbili: kilichopo kwa sasa, na kinachoongezeka au kupungua kwa kila kipande cha muda. Neno moja linapobeba zote mbili, mlinganyo hausemeki. Msikilizaji akiambiwa kwamba kiwango kimepunguzwa kwa nusu lakini kiwango ni kilekile karibu, atadhani anadanganywa.

Kiingereza cha Stroud hakikumlazimu mwandishi kushughulika na tatizo hili, kwa kuwa msomaji aliyekusudiwa alikuja na maneno mawili tofauti. Mfasiri atakayekigeuza kitabu hicho kuwa Kiswahili kwa kutumia orodha ya istilahi atakuta kiwango mbele ya zaidi ya neno moja la Kiingereza, na ataandika sentensi sahihi kisarufi ambazo hazifundishi chochote. Hali kadhalika kwa uwezekano. Kusema kwamba upo uwezekano wa mvua ni kusema tu kwamba mvua yaweza kunyesha. Katika takwimu, uwezekano ni namba kati ya 0 na 1, na uwezekano wa 0.02 upo ingawa ni mdogo. Mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kulikimbia neno hilo, lakini ana wajibu wa kulitenga na matumizi yake ya kila siku tangu ukurasa wa kwanza.

5.0 Sarufi ya hoja

Ikiwa kitabu cha hisabati ni mazungumzo, basi swali la pili baada ya msamiati ni sarufi. Katika eneo hili Kiswahili kina rasilimali ambazo Kiingereza cha Stroud hakina, na kina mitego yake pia.

Rasilimali ya kwanza ni kiambishi hu-. Kiingereza hutumia wakati uleule kwa sheria ya jumla na kwa maelezo ya hali fulani. Kiswahili hutenganisha: foleni huongezeka kasi ya kuwasili inapozidi uwezo ni kanuni, ilhali foleni inaongezeka ni taarifa ya leo. Mwandishi wa kiada anayeitumia tofauti hii kwa uthabiti humwonyesha mwanafunzi, bila maelezo ya ziada, mahali nadharia inapoishia na mfano unapoanzia. Mtego wake ni kwamba hu- huondoa upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi yenye nomino mbili, huzidi haionyeshi nini kimezidi nini. Mwandishi atalazimika kuirudia nomino.

Rasilimali ya pili ni ngeli. Upatanisho humsaidia msomaji kujua kirejeshi kinarejelea nini katika sentensi ndefu yenye vigeu kadhaa. Kikomo chake na mlinganyo wake hazichanganyiki. Lakini maneno mengi ya vipimo, kama vile kasi, idadi, thamani, sehemu na hesabu, yamo katika ngeli moja ya I-ZI. Katika sentensi kasi ya maambukizi inapopungua, idadi ya wagonjwa huweza kupanda ikiwa bado inazidi ile ya kupona, kitenzi inazidi chaweza kurejelea kasi au idadi, na hoja yote ya epidemiolojia imo katika kulijua hilo. Istilahi zimekuwa zikiamuliwa moja moja, kwa kuzingatia maana na asili ya neno. Haijazingatiwa vya kutosha kwamba dhana zinazokutana daima katika sentensi moja zingefaa kupewa maneno ya ngeli tofauti. Kwa mfano wa malaria, uwiano wa walioambukizwa kwa watu wote, kasi ya maambukizi mapya na idadi ya wagonjwa ni mgao unaofaa: neno uwiano huchukua upatanisho wa u- na kujitenga na kasi pale ambapo utata ungekuwa wa hatari zaidi. Idadi na kasi zitabaki ngeli moja, na hapo mwandishi atairudia nomino.

Jambo la tatu ni ukanushi. Madereva wote hawakupimwa yaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyepimwa, au kwamba baadhi hawakupimwa. Si madereva wote waliopimwa ina maana moja tu. Vivyo hivyo, iwapo, iwapo tu, na iwapo na iwapo tu ni masharti matatu tofauti kimantiki ambayo msemaji wa kawaida huyapishanisha. Haya ni mambo ambayo orodha ya istilahi haiwezi kuyagusa hata ikiwa na maneno elfu kumi. Yanahitaji mwongozo wa uandishi, na mwongozo wa uandishi hupatikana kwa kuandika.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiswahili si lugha ya nyumbani ya wengi wa wanafunzi hawa. Nchini Kenya ni somo la lazima hadi mwisho wa sekondari tangu mfumo wa elimu wa mwaka 1985. Nchini Uganda, kiliingizwa kama somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari kwa mtaala ulioanza mwaka 2020, baada ya miongo ya kupuuzwa. Mwanafunzi kutoka Tororo anayezungumza Dhopadhola nyumbani na kusoma kwa Kiingereza anaweza kuona kitabu cha Kiswahili kuwa mzigo wa tatu. Pingamizi hili ni zito, na linatosha kulikataa pendekezo lolote la kukibadilisha kitabu cha Kiingereza kwa cha Kiswahili. Halitoshi kulikataa pendekezo la kumfundisha mwanafunzi huyo kuyaeleza matokeo yake kwa lugha ambayo ataihitaji kazini pande zote mbili za mpaka.

Pingamizi la pili ni kwamba hisabati ni lugha ya alama, na alama hazina taifa. Kitabu cha Stroud chenyewe kinalikanusha. Kingekuwa na alama tupu kingekuwa kijitabu cha kurasa chache. Wanafunzi wamekipenda kwa sababu ya maneno yaliyo kati ya alama.

Pingamizi la tatu linatoka katika historia. Warsha iliyofanyika Entebbe mwaka 1962 ilizaa vitabu vya shule vilivyojulikana kama Entebbe Mathematics, vilivyoandikwa na waalimu wa Kiafrika pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza kwa ajili ya nchi kadhaa za bara hili. Mradi huo haukudumu katika mitaala, na wapo wanaouchukua kuwa ushahidi kwamba vitabu vya kieneo havifui dafu. Usomaji mwingine ni wa haki zaidi. Mradi ule ulibadilisha maudhui ya hisabati yenyewe kwa mkupuo, nchi nyingi kwa pamoja. Kinachopendekezwa hapa kinayaacha maudhui yalivyo na kushughulikia lugha ya hoja, katika vyuo viwili vilivyo jirani.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Engineering Mathematics inastahili nafasi yake katika maktaba za Busitema na Alupe. Ni kitabu chenye huruma kwa mwanafunzi, na hakuna kitabu cha Kiswahili kilicho karibu kushindana nacho. Dosari yake ni kwamba humfundisha msomaji kujibu bila kumfundisha kusema, na dosari hiyo humwumiza zaidi msomaji ambaye darasa lake na jamii yake hazitumii lugha moja. Kukitafsiri neno kwa neno kungeihamisha dosari hiyo kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na kuiongezea utata wa kiwango, saa na uwezekano.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, kiandaliwe kitabu mwandani cha lugha mbili, chenye mada chache tu kwa kuanzia: milinganyo ya mabadiliko ya daraja la kwanza, uwezekano, na foleni. Kitumie mbinu ya vipande ya Stroud, lakini kila baada ya vipande kadhaa kimtake mwanafunzi aandike aya moja ya Kiswahili ieleze namba aliyoipata ina maana gani kwa mtu asiyejua mlinganyo. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya kitaifa, ziamue istilahi za hisabati zikiwa ndani ya sentensi na kwa makundi ya dhana zinazotumika pamoja, zikizingatia ngeli. Tatu, wahadhiri wa hisabati na wa Kiswahili wa vyuo hivi viwili waandike kwa pamoja, kwa kuwa hakuna upande wenye ujuzi wote unaohitajika. Nne, mitihani itenge alama kwa ajili ya maelezo. Mwanafunzi husoma kile anachojua kitapimwa, na kitabu mwandani kisichopimwa kitabaki kwenye rafu.

Kazi hii yaweza kuanza kwa gharama ndogo. Sura moja juu ya mlinganyo wa malaria, ikiandikwa kwa pamoja, ikasomwa na wanafunzi wa Nagongera na wa Alupe, kisha wakatakiwa kuwaeleza wahudumu wa afya wa vijijini kwa nini kupunguza miumo kwa nusu hakupunguzi wagonjwa kwa nusu, itaonyesha mengi kuliko mjadala mwingine wa jumla juu ya uwezo wa Kiswahili. Wahudumu wakiuliza maswali sahihi baada ya maelezo hayo, sura itakuwa imefaulu. Wasipoyauliza, patakuwa na matini ya kusahihisha, jambo ambalo uwanja huu umelikosa kwa muda mrefu.